Ng'ombe Mmoja wa Mzee Simel

Jioni, ng'ombe wa Mzee Simel waliingia bomani, nje kidogo ya Kitengela. Mzee alisimama langoni kama kawaida. Kwake, kuhesabu ng'ombe kwa kidole au kutaja idadi yao ni mwiko. Anatazama rangi na pembe tu, na asiyekuwepo anamjua mara moja.

Lakini daktari wa mifugo anataka namba. Kesho analeta chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo, na ugonjwa umeshafika kwa jirani.

Binti wa Mzee, Naserian, anajifunza kuandika programu. Ng'ombe wote amewaweka katika hifadhidata, yaani ghala la habari ndani ya kompyuta. Kila ng'ombe ana mstari wake.

"Baba, wenye hawajachanjwa ni mmoja tu."

"Mmoja? Na hawa wengine, umewachanja wewe?"

Naserian alijaribu tena. Mmoja. Kompyuta nayo ikishika ubishi! Aliogopa sana. Daktari akileta dozi moja, boma lote litaugua. Akamwita jirani yao Mwihaki, anayeandika programu mjini.

Mwihaki alisoma kazi ya Naserian. "Hapa umeambia hifadhidata ifanye nini?"

"Ihesabu wenye hawajachanjwa."

"Na hapa chini?"

"Nahesabu mistari yenye imerudi."

"Shida ndiyo hiyo. Ukiiambia ihesabu, inarudisha mstari mmoja, na jumla iko ndani. Hata kama hakuna ng'ombe, mstari utarudi, na ndani ni sifuri. Wewe hukusoma ndani."

Mzee Simel alicheka. "Ni kama utume mtu kwa boma aulize ng'ombe ni wangapi. Akirudi, badala ya kumsikiza, unamhesabu yeye!"

"Hapo hapo, mzee," alisema Mwihaki. "Naserian, ukiuliza jumla, soma namba yenye iko ndani. Ukitaka kuhesabu mistari, uliza ng'ombe wenyewe, kila mmoja arudi na mstari wake."

Naserian alirekebisha programu. Namba ikatokea.

"Usiitaje!" Mzee alimkataza. "Mtumie daktari kwa simu."

Basi hata mimi sitaitaja hapa.

Kesho yake dozi zilitosha. Naserian alimwandika kila ng'ombe aliyechanjwa. Jioni akauliza kompyuta tena, na mstari mmoja ukarudi.

"Mjumbe wako amesema nini?" Mzee aliuliza kutoka langoni.

Naserian alisoma ndani. Sifuri.

"Amesema hakuna mwenye amebaki, Baba."

Mzee aliwatazama ng'ombe wake, rangi kwa rangi, kisha akafunga lango.