Kibuyu cha Wimbi Chini ya Mikaratusi

Kila mchana, baada ya palizi, Bhoke alijilaza kidogo na kuacha mlango wazi. Upepo ulileta harufu ya mikaratusi. Miti hiyo ilipandwa na marehemu mumewe mpakani mwa shamba lao, hapa Ntimaru. Ikivuma, Bhoke alisikia kama mume anakohoa nje.

"Nimekusikia, baba Robi," alisema kila mara, kisha akageukia ukutani.

Siku hizo aliota ndoto moja tu. Mama yake anatikisa kibuyu, nacho hakilii.

Jamani, alikuwa na sababu ya kuota hivyo. Mara mbili alikuwa amepanda wimbi, na mara mbili miche ikatoka michache, ya manjano, ikanyauka. Kibuyuni ilibaki konzi moja ya mbegu. Bhoke aliolewa akiwa na mbegu hiyo mkononi, kutoka kwa mama yake. Sasa binti yake Robi angeolewa baada ya mavuno. Angeenda na nini? Bhoke aliogopa sana.

Kuuliza si ujinga. Akamwita jirani yake Maroa, muuza miche ya miti.

"Udongo nimeufunika vizuri," alilalamika. "Kwenye mkutano wa wakulima tuliambiwa tufunike kwa majani. Kila asubuhi nafagia chini ya miti, namwaga hapa."

Maroa akaokota jani, akalinusa. "Ya mkaratusi, Mama Robi?"

"Si majani ni majani?"

"Aka! Haya yana dawa kali. Mvua ikinyesha, inashuka udongoni na kuzuia mbegu kuota. Nayo mizizi inamaliza maji."

Bhoke akakasirika. "Miti ya mume wangu haiwezi kunidhuru!"

"Basi usiniamini mimi. Tuulize mbegu yenyewe."

Wakaweka kitambaa ndani ya makopo mawili, na mbegu kidogo juu yake. Kila punje ilimuuma Bhoke. Kopo moja alilinyunyizia maji ya mto. La pili, maji yaliyolowekwa majani ya mkaratusi siku mbili.

Siku ya sita aliamka usingizini, akachungulia. Kopo la kwanza lilikuwa kijani tupu. La pili lilikuwa na vichipukizi vitatu, vimejikunja.

Bhoke akaitazama miti ya mpakani. Kisha akasema polepole, "Haya, baba Robi. Leo ndipo nimekusikia."

Akaondoa majani yote shambani. Maroa akamsaidia kuchimba mtaro mrefu wa kukata mizizi.

"Nikate miti?"

"Iache ikomae, utapata nguzo. Ukishavuna, usipande mingine hapo. Panda grivelia, mti huo haugombani na mazao."

Ile mbegu iliyobaki aliipanda upande wa chini, mbali na miti, akaifunika kwa mabua ya mahindi. Ikaota yote, ikajaa masuke mazito.

Siku ya harusi, Bhoke alijaza kibuyu mpaka shingoni, akakiziba kwa gunzi, akampa Robi. Kabla ya kukiachia, Bhoke alikitikisa. Kikalia. Machozi yakamtoka.

"Na huko uendako," akasema, "kabla hujapanda, tazama kwanza mpakani kuna mti gani."