Mdogo Wangu Alinizika Ukumbini, Nami Nimesimama Mlangoni

Siku watu wa Eliya walipoleta mahari nyumbani kwetu, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, tulikuwepo sisi: mimi, Nsimire; mdogo wangu wa mwisho, Neema, aliyekuwa anaposwa; Eliya mwenyewe, fundi wa baiskeli; Mzee Asukulu, baba yake mdogo na msemaji wao; na jirani yangu Mrundi, Mama Jeanine, aliyekuwa jikoni. Tena kulikuwa na kiti kitupu... cha mdogo wangu wa kiume, Bisimwa.

Nina miaka thelathini na nne. Baba na mama walitutoka tukiwa bado Bukavu, Kongo, nami nikaacha shule darasa la sita. Nililia jioni moja tu. Kesho yake nilikuwa na watoto wawili wa kulisha.

Tulipofika Malawi nilishika cherehani, na cherehani hiyo ilimsomesha Bisimwa hadi akamaliza sekondari. Msinionee huruma kwa hilo. Jioni alisoma kwa sauti, mimi nikikanyaga pedali, Neema akitoa nyuzi kwenye pindo. Nilikuwa na furaha, ingawa hakuna aliyeniambia kwamba ndiyo furaha.

Halafu Bisimwa akaenda Lilongwe, akawa... mwalimu wa furaha! Ndiyo, mmesoma vizuri. Kuna watu pale City Centre wanaolipa kiingilio ili kijana mwenye shati jeupe awaambie wapumue polepole, watabasamu asubuhi, walishukuru jua. Sisi tunaopanga foleni bombani alfajiri hukutana na jua hilohilo bila kiingilio!

Kwetu, binti haposwi bila mwanamume wa familia kuwajibu wageni. Mwanamume wetu alikuwa mmoja tu. Bisimwa aliahidi kuja, tena na mbuzi wa kuwalisha wageni. Asipokuja, wageni wangeweza kuondoka, na Neema angebaki na aibu. Kwa hiyo nilimshonea koti la kijivu, nikapanda minibasi kumpelekea.

Nilimkuta ukumbini akihubiri. Mlinzi aliniruhusu nisimame mlangoni. Bisimwa alisema Kiingereza, msichana akitafsiri Kichewa, ambacho nakijua kwa kuuza nguo sokoni Mponela.

Ndipo niliposikia habari za kifo changu.

Alisema amebaki peke yake duniani. Dada yake Nsimire, alisema, alifia njiani mikononi mwake, akitabasamu, akimwambia: "Furaha iko katika vitu vidogo, mdogo wangu." Vitu vidogo! Mimi? Njiani nilikuwa nasema maneno mawili tu: tembea, nyamaza!

Ukumbi mzima ulilia. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akanipa karatasi ya kufutia machozi. "Pepani," akaninong'oneza, yaani pole, "yule dada alikuwa malaika." Nikamshukuru. Ungemjibu nini?

Baadaye nilimngoja nje. Aliponiona, rangi ilimtoka.

"Yaya!" akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Unafanya nini huku?"

"Marehemu ameleta koti lako."

"Iko histoire tu, yaya, hadisi tu. Bantu ba huku banapenda kulia kwanza, njo banasikia." Yaani ndipo wanasikia.

"Na Neema, ulimuua kwa ugonjwa gani?"

Nilimvisha koti palepale barabarani. Mikono ilimzidi, nikasema nitalirudisha nyumbani niipunguze. Akaapa atakuja Jumamosi. "Lakini picha hapana, yaya," akasema. "Bakiona picha, nimekwisha."

Hebu fikirini! Mwalimu wa furaha anayeogopa kuonekana kwenye furaha ya dada yake!

Jumamosi haikumleta yeye, wala mbuzi. Simu ilikuwa imezimwa. Koti lilining'inia kwenye kiti chake kama mtu asiye na kichwa, na kwa kweli halikutofautiana sana na mwenyewe.

Mzee Asukulu alingoja, akakohoa, akauliza, "Nani anajibu kwa ajili ya nyumba hii?"

Nyuma ya pazia nilimsikia Neema akianza kulia. Mzee akachukua kofia yake.

"Kama hakuna mwanaume, tutarudi siku ingine."

Sote tulijua kwamba siku hiyo nyingine isingefika.

"We mzee, kaa chini!" Mama Jeanine alipaza sauti kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Huyu njo baba, njo mama. Unataka ndevu? Nikamchoree na makaa?"

Hata Eliya alicheka. Nikasimama, nikalivaa koti juu ya kitenge changu. Mikono niliyoipunguza ilinikaa sawasawa.

"Njo mi mukubwa wa hii nyumba," nikasema. "Nimelea huyu mutoto. Ongeeni na mi."

Mzee akaketi tena, akaweka kofia gotini.

"Haya, baba Neema. Tunakusikiliza."

Jamani... sijawahi kulipwa neno kama lile! Mezani niliona aibu, kwani nilijua tuna ugali wa nsima na maharage tu. Kumbe Mama Jeanine, bila kuniuliza, alikuwa amechinja kuku wake wawili wa mayai. Hakuwa na wengine. Hakutoa hotuba yoyote kuhusu vitu vidogo. Aliweka sahani, akauliza kama chumvi inatosha.

Neema ameolewa. Picha zilifika Lilongwe, bila shaka! Bisimwa alinipigia, sauti nyembamba, akiomba niwaambie watu wake kwamba mimi ni binamu.

"Waambie nimefufuka," nikamjibu, nikarudi kwenye mshono wangu.

Wasomaji wenzangu, nawasihi, msinunue furaha kwa mtu aliyewazika walio hai ili apigiwe makofi. Na ninyi wadogo mnaosomeshwa kwa pedali za dada zenu, msiifuate njia ya Bisimwa. Makofi hayamletei mtu maji akiugua. Mtazameni aliye jikoni kwenu leo, mumwite kwa jina lake, angali anasikia.

Mimi koti bado ninalo. Nalivaa asubuhi za baridi nikimpelekea Mama Jeanine pumba za kuku. Nimeshamrudishia kuku mmoja, mwekundu, anayetaga vizuri.

Wa pili bado.