Siku Aristote Alikula Tacos Mbele ya Mama-Mukwe

Uliona. Acha kugeuza shingo. Ulikuwa kwenye ile live, ulituma mioyo myekundu, na mambo yalipoharibika ukasogeza kidole, ukaenda kutazama mpira. Watu wa mji huu macho tunayo; ni shingo zetu ndizo laini mno. Basi leo kaa. Hadithi uliyoikimbia inaanza jikoni kwa akina Plamedie, kule Golf, mtaa wa matajiri, ambako courant, umeme, haikatiki.

— Bantu bangu, bonjour! Leo tunapika tacos ya samaki mu air fryer. Hakuna moshi, hakuna mafuta mingi, hakuna kutoka jasho. Dakika kumi na tano, unakula!

Huyo ndiye Plamedie, akiichekea simu iliyosimama juu ya miguu mitatu ya chuma, taa ya mviringo ikimwangaza uso. Nyuma ya taa, mahali ambapo hukuweza kumuona, alisimama Edith na kisu mkononi. Edith anauza samaki wa Pweto kwenye soko la Kenya, mtaa wa watu wadogo wa mji huuhuu. Plamedie ni mteja wake, humwita Ya, yaani dada mkubwa. Siku ile alimuomba alete samaki na abaki kumsaidia mikono, kwa sababu kupika huku unaongea na watu elfu si kazi ya mtu mmoja. Edith alikubali kwa furaha. Mashine hiyo alikuwa anaisikia tu.

— Ya Edith, kata samaki kama vidole. Njo vile, hivyohivyo. Chumvi, ndimu, ail, kitunguu saumu, pilipili kidogo. Sasa pitisha mu farine, ile unga, kisha mu mayai, kisha mu chapelure, ile mukate ya kusaga.

— Na mafuta?

— Unapaka kidogo na pinceau, ile burashi, basi. Deux cents degrés, mia mbili, dakika kumi. Mu katikati unageuza.

Edith akainama, akachungulia ile droo nyeusi.

— Moto iko wapi?

— Hakuna moto, Ya Edith. Ni upepo ya moto njo inapikaka.

— Upepo? Kwetu Kenya upepo inazimaka makala mu mbabula, jiko yetu ya makaa!

Plamedie alicheka mpaka akashika meza. Na wewe ulicheka. Uliandika "mama wa samaki iko comique".

Edith naye alicheka. Roho yake ilikuwa nyeupe siku ile. Asubuhi alikuwa amepokea ujumbe wa mchumba wake, Aristote, kwa namba ngeni aliyosema ni ya kazini:

"Bébé bonjour. Niko Kolwezi ku kazi ya chantier, réseau ya telefone mubaya sana. Mwezi kesho tunamaliza mambo yetu. Salimia mama. Je t'aime."

Alimsomea mama yake, Mama Chisanga, aliyekuwa amelala na kifua chake kinachopiga filimbi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile swali lake:

— Sasa atakuya kukula siku gani?

Kama hukulelewa na wazee, elewa. Mukwe hali mbele ya mama-mukwe. Hata maji hanywi. Ni heshima, mpaka familia ya bibi arusi ipike kuku na bukari, ugali wetu, imwite, imfungulie chakula. Siku hiyo ndipo anakuwa mtoto wa nyumba. Aristote alikwisha kuja na baba-wadogo zake, wakajionyesha, wakapokelewa, wakanywa bia ya watu. Tangu hapo kila akija alibaki mlangoni, jua likiwaka, mvua ikinyesha. "Apana mama, bado hamuyanifungulia." Mtaa mzima ulimsifu: kijana ana adabu! Lakini kila familia ilipotaja siku ya kumfungulia, Aristote alikuwa na safari. Mama Chisanga alifuga kuku kwa ajili yake. Kuku akazeeka, mama akafuga mwingine. Mama huyo hakuwa na ombi jingine kwa Mungu: amuone mukwe wake anatafuna kabla kifua hakijammaliza.

Mashine ikalia. Edith akavuta droo, akatoa vidole vya samaki, vikavu, vyekundu, vinavyolia vikivunjwa. Plamedie akapasha chapati nyembamba, akapanga kabichi iliyokatwa laini na kukamuliwa ndimu, samaki juu, kisha mayonnaise yenye pilipili.

— Munasikia ile krr-krr? Hiyo haiko friture ya mafuta, bantu bangu, ni upepo! Bon. Mu commentaires munaniuliza kila siku: fiancé, mchumba, iko wapi, fiancé iko wapi? Leo nitamuonyesha. Maman, ikala hapa. Chéri, kuya!

Mama Kasonde, mama yake Plamedie, akaketi mezani na kitenge kipya. Mlango ukafunguka.

Akaingia Aristote.

Edith alidhani macho yake yamechoshwa na ile taa. Akatazama tena. Shati la mistari, kola iliyorudishiwa uzi. Uzi ule aliutia yeye mwenyewe.

Aristote hakumuona. Taa ilikuwa inampiga usoni, akatabasamu kama mtu aliyezoea. Mama Kasonde akamsogezea sahani.

— Kula, mukwe. Usipate haya. Shiye tulikufungulia chakula zamani.

— Aksanti, maman.

Na akala. Tacos si chakula cha heshima: huwezi kukila kwa midomo ya adabu, lazima ufungue kinywa chote, meno yote yaonekane, mchuzi ukushuke kidevuni. Aristote alifungua kinywa chote mbele ya mama-mukwe, akatafuna, akalamba kidole. Mioyo ikapanda kwenye simu kama povu la bia.

— Iko bien? Plamedie aliuliza.

— Chérie, nitakufia hapa.

— Ya Edith, leta ingine! Bwana wangu iko na njaa.

Edith akachukua sahani ya pili. Akazunguka taa, akaingia mbele ya simu, akaiweka mezani.

— Aristote. Kolwezi ni mbali sana, njo unafika na njaa hivi?

Taya la Aristote likasimama.

— Munajuana? Plamedie alikuwa bado anacheka.

— Euh... ndiyo. Ni mama wa samaki. Wa soko ya Kenya. Ananiuzishaka samaki.

— Miye? Miye ni mama wa samaki? Aristote, baba-mudogo yako alikunywa bia mu parcelle, mu nyumba ya mama. We unakatalaka hata kikombe ya maji, unasema heshima. Heshima yako inabakiaka Kenya? Huku Golf haifikake?

— Chérie, usimusikilize. Aba bantu, unamusalimia mara moja, anasema uko bwana yake.

— Asubuhi uliniandikia "Je t'aime", unanipenda!

— Mi? Mi niliandika?

— Leta telefone yako.

— Ya Edith, tafadhali, tuko mu live, alisema Plamedie, na sasa kicheko kilikuwa kimemtoka.

Edith hakungoja. Akatoa simu yake kwenye aproni, akapiga. Simu ya Aristote, iliyokuwa kando ya sahani, ikaanza kutetemeka juu ya meza. Chumba kizima kikaitazama. Plamedie akaiokota kabla Aristote hajanyoosha mkono, akasoma kwa sauti jina lililowaka pale:

— "Poisson Kenya."

Halafu akavuta pumzi. Pumzi ya mtu aliyeokolewa.

— Unaona? Aristote alisema. — Nilikwambia nini? Poisson Kenya. Samaki ya Kenya: client na muuzishaji, basi.

Edith alibaki amesimama na simu sikioni, inaita, inaita. Miaka yote ile alijiona ndani ya simu ya Aristote kama "Bébé", au "Edith", au hata "E". Ushahidi aliouleta mwenyewe ulikuwa umemgeukia. Nyinyi mkatuma vikaragosi vinavyolia kwa kucheka. Mmoja wenu aliandika: "Angalieni macho ya huyu dada, hadanganyi." Maneno yake yakasukumwa juu na mioyo, yakapotea. Plamedie akazima live.

Mama Kasonde ndiye aliyemsindikiza Edith mpaka kwenye geti, akibeba mwenyewe ndoo ya samaki. Walipofika alishusha sauti.

— Mwana wangu, mi ni mwanamuke. Niliona taya ya Aristote, ilisimama. Niko najua.

— Sasa, mama, rudia uambie mutoto yako!

— Nitamwambia nini? Kanisani balishasoma majina yao mara mbili. Bakwe zetu banajua, bantu ya baba yake banajua, ukumbi tulishalipa. Haya hiyo nitaiweka wapi?

— Na ya mama yangu, yeye ataiweka wapi?

Mama Kasonde alitumbukiza kitu ndani ya ndoo, akafunga geti polepole, bila kelele, kama mtu anayefunga mlango wa mgonjwa.

Nyumbani, Mama Chisanga aliinua kichwa kabla Edith hajavua viatu.

— Unaleta nini? Inanukia muzuri.

Edith akatazama ndani ya ndoo. Tacos mbili, zimefungwa kwenye aluminium, bado zina joto. Akaketi chini, akamweleza mama yake yote. Hakuficha hata ule mchuzi kidevuni.

— Alikula? mama aliuliza.

— Alikula, mama.

— Mbele ya ule mama?

— Mbele yake. Yote. Na alilamba kidole.

Kifua cha Mama Chisanga kikapiga filimbi yake.

— Basi iko na mama-mukwe. Na shiye banatutumia bakisho.

Akageukia ukuta. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Jioni simu ikaita. Aristote.

— Edith, usikate. Nisikilize tu. Baba ya Plamedie iko na société, kampuni yake. Ataniingiza mu kazi, kazi ya kweli, na contrat. Mi ni mutoto ya nani? Babu alijenga reli, alikufa na kikohozi. Baba alisukuma mabehewa, alikufa na kikohozi. Unataka mi nife na moshi ya mbabula?

— Mama yangu njo anakufa na hiyo moshi. Sasa miye nitakuwa nani?

— We uko mu roho. Plamedie ni mambo ya maisha tu. Nitakutafutia nyumba Kasungami, utaikala muzuri, nitakuya kila wiki.

— Mu ile nyumba, mama akipika, utakula mbele yake?

Aristote akaanza kutaja kodi ya nyumba ile.

— Aristote, nilikuuliza.

— Edith, vraiment, ile mambo ya chakula ni ya zamani. Ni ya bantu ba mugini, ba kijiji.

— Kwa mama ya Plamedie haikuwa ya zamani.

Edith akakata.

Siku zilizofuata alikwenda kwa baba-wadogo za Aristote, wale waliokunywa bia. Mmoja alisema hakumbuki vizuri. Mwingine alimuuliza, "Tulikuya kwenu? Haikuwa paka kusalimia tu?" Alikwenda kwa majirani waliomsifu kijana mlangoni. Wakatazama sufuria zao. Alikwenda kwa padri, na padri, mtu mzuri tu, akamwambia: "Mama, simu yake inasema samaki, wewe unasema ndoa. Niletee mtu aliyeona."

Mtu aliyeona! Elfu nzima waliona.

Hivi ndivyo tulivyo, na si jana tulianza. Shaba ilipita mbele ya macho ya babu zetu, ikapanda treni, nao wakapewa unga wa posho wakasema aksanti. Leo courant inapita juu ya mabati ya Kenya, inakwenda kwenye mashimo ya shaba na kwenye villa, inapika samaki kwa upepo, nasi tunapuliza makala gizani na kusema ndiyo maisha. Sasa hata wachumba wetu wanapita juu ya vichwa vyetu hivyohivyo. Na kila mara palikuwa na watu kando ya njia, wakitazama kwingine.

Edith hamtaki tena Aristote. Usidhani anamngoja. Yuko sokoni hivi sasa, Jumapili hii, mbele ya samaki wake, kwa sababu dawa ya mama haingoji. Hataingia kanisani. Amechoka kusema peke yake. Mama Chisanga hali tena, anakunywa maji tu, na wanaojua vifua wanasema hatafika mwisho wa mvua. Ombi lake kwa Mungu limekwisha jibiwa, na jibu ni hapana.

Lakini Plamedie hajui. Msichana yule hana kosa. Amebakiza siku sita avae nyeupe kwa mwanaume anayeandika wanawake kwa jina la bidhaa, na anayejua yote ni mama yake, aliyefunga geti.

Misa ya pili inaanza saa tatu. Majina yao yatasomwa kwa mara ya tatu, ya mwisho, na padri atauliza kama kuna anayejua kizuizi. Ulikuwa kwenye live. Uliona taya likisimama, uliona macho, ulisikia "we unakatalaka hata kikombe ya maji". Usinitumie moyo. Usiandike "courage maman". Vaa viatu, toka, panda pikipiki, ingia mpaka viti vya mbele, na padri atakapouliza, usitazame dari. Simama useme: mi niliona. Kengele ya kwanza imekwisha lia. Simama!