Kifaa Chini ya Kiti

Absalom ni dereva wa lori. Hupakia mizigo Kipevu na kuipeleka Hola. Tanboi wake, yaani utingo, ni Nyale, ndugu wa mke wake. Wote wanaishi nyumba moja, Magogoni.

Tajiri, mwenye malori, alimpa Absalom na madereva wenzake kila mmoja kifaa kidogo cha setilaiti. Hutuma ujumbe hata mahali simu haishiki mtandao. Lakini madereva walikiita mpelelezi. Waliona tajiri anawachunguza wakibeba abiria wa njiani. Basi Absalom alikizima, akakisukuma chini ya kiti. Ujinga mtupu!

Siku moja walipita Garsen, wakaingia nyikani. Tairi likapasuka. Nyale akaingia chini ya lori na jeki. Jeki ikateleza, lori likamlalia mguu.

"Shemeji! Nakufa!"

Simu haikuwa na mtandao. Absalom akapanda kwenye lori, akakiwasha kile kifaa, akaandika: "Tusaidieni." Akangoja. Jua likawa kali. Nyale akaacha kupiga kelele, na kimya hicho kilimtisha Absalom zaidi.

Mwishowe lori jingine likasimama. Dereva alikuwa Mwanatatu, mama wa Timbwani. Kwa jeki yake walimtoa Nyale. Mwanatatu akakandamiza jeraha kwa leso.

"Tumpakie kwa lori lako," Absalom akasema.

"La! Mgongo huenda umeumia. Tusimtingishe. Umeomba msaada?"

"Nimetuma. Hawajibu."

Mwanatatu akakitazama kifaa; aliwahi kutumia kama hicho. "Ujumbe haujaenda, ndugu yangu. Hiki chataka kuona mbingu. Ndani ya bati la lori hakioni kitu. Kiweke nje, mbali na miti, antena itazame juu. Wala usikizime."

"Niandike nini?"

"Mtu kaumia wapi, mko wangapi, lori lina nini. Mahali mlipo kitasema chenyewe. Bonyeza kitufe cha SOS, maana roho ya mtu i hatarini. Ingekuwa pancha tu, ungemwandikia tajiri alete fundi."

Mara hii ujumbe ulikwenda. Jibu likaja kutoka kituo cha uokoaji: "Gari la wagonjwa liko njiani. Msiondoke."

Nyale alipona, lakini mguu ulikatwa. Daktari alisema Nyale angefikishwa hospitali mapema, mguu ungeokolewa.

Siku hizi Absalom hukijaribu kifaa nje kabla ya safari, na hakizimi. Madereva wenzake, aliowafunza, hufanya vivyo hivyo. Juzi injini ya lori la Ronny, mmoja wao, ilikufa nyikani. Alimwandikia tajiri kwa kifaa chake, na fundi akamfikia kabla ya magharibi.

Ronny alikuja Magogoni kumshukuru Absalom. Nyale akaegemea gongo lake, akampa mkono.

"Mshukuru Mungu, Ronny. Umerudi na miguu yote miwili."

Absalom alikuwa ameketi hapo karibu. Hakuweza kuinua uso.