Gauni la Kijani la Arwa

Kwapa za gauni zilikuwa mbichi. Jawaher alizishika mara ya pili, huku akijiambia ni unyevu wa mvua, lakini mvua ilikuwa haijaonja Wete wiki ile na dirisha la chumba lilikuwa limefungwa kwa komeo. Alinusa vidole vyake. Lilikuwa jasho, tena jasho bichi, na gauni lenyewe lilikuwa limetundikwa kwenye kamba bila mtu ndani yake, chumbani mwa watu waliokwishafika Uingereza.

Kabla ya kuingiwa na hofu aliingiwa na haya. Alijua kwa nini.

Nyumba ile ya mawe, juu ya bandari, ilijengwa na babu yao enzi walipokuwa na mashamba ya karafuu. Mashamba yalikwenda na wenyewe, wakabakiwa na nyumba na mgeni wake. Walimwita Mgeni kwa sababu jina lake halitamkwi. Alikuwa rohani, jini msafi wa udi na marashi, asiyemgusa mtu alimradi aheshimiwe. Tabu yake ilikuwa moja tu. Hakupenda watu wa nyumba ile wavuke bahari. Akimkosa mtu humfuata, na anayefuatwa harudi.

Kwa hiyo kila msafiri wa nyumba ile huacha nguo aliyoivaa, isiyofuliwa, ikatundikwa chumbani kwake. Anayebaki nyumbani huifukiza udi kila Alhamisi baada ya alasiri, akaisalimia kama anavyomsalimia mwenyewe. Mgeni akinusa, huona mtu wake yupo, akatulia. Nguo hiyo haifuliwi wala haianuliwi mpaka mwenyewe arudi. Kuivaa ndiyo usiseme.

Hashil aliacha shati lake la kazini. Mkewe Arwa aliacha gauni la kijani alilolivaa Idi. Wa kubaki alikuwa Jawaher, dada mkubwa wa Hashil, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mtaa mzima ulimheshimu. Alisomesha watoto Kurani barazani, hasengenyi mtu, hakopeshi maneno. Angekuja mtu akakwambia kwamba Bi Jawaher kamwonea mtu kijicho, ungemfukuza mtu huyo mlangoni kwako.

Safari yenyewe ilitokana na Mzungu mmoja, Bwana Martin, aliyewahi kuja Pemba akakodi pikipiki, na Hashil akamzungusha kisiwa kizima mpaka Makangale. Tangu hapo wakawa marafiki. Sasa Martin aliwaalika kwao: siku chache za kutembea na kutazama nchi, kisha wapande pikipiki, Hashil na Arwa kwenye moja, yeye kwenye yake, waende nazo hadi milima ya kaskazini.

Picha zikaanza kumiminika kwenye grupu la familia. Arwa kwenye daraja linalofunguka katikati kupisha meli. Arwa chini ya mnara wa saa. Arwa ufukweni, anakula samaki na chipsi kwenye karatasi, mtandio unapeperuka, anacheka mpaka gego la mwisho linaonekana. Arwa huyohuyo aliyekuwa akiogopa kupanda vespa kwenda Chake! Na kila picha Hashil aliifuatishia sauti: "Dada, huku pangekufaa weye." Alikuwa akisema kwa mapenzi. Jawaher kila akiisikia sauti ile aliizima kabla haijaisha, kwa sababu mtoto yule alimlea yeye, alimfulia nepi yeye, na yeye mwenyewe duniani humu hajafika mbali kuliko Unguja hospitali.

Basi Alhamisi ile alitia udi kwenye chetezo, akafukiza shati, akafika kwenye gauni, na mikono yake ikalianua. Akalivaa. Lilimbana kifuani. Akajitazama kwenye kioo cha kabati, akajipindua huku na huku, akainua simu akajipiga picha kama anayepigwa darajani. Moshi wa udi ukiwa umetanda chumba kizima, akamwambia yule mwanamke wa kiooni: "Na abaki hukohuko. Asirudi."

Alilitamka kwa sauti. Kisha akaogopa, akavua, akalitundika, akafuta picha na akaenda kusali magharibi. Lakini neno lilikwishasikiwa na mwenye masikio yake.

Kesho yake ndipo aliposhika jasho.

Adhuhuri picha mpya ikaingia. Hashil na Arwa uwandani, mbele ya mawe makubwa yaliyosimamishwa wima. Nyuma yao, mbali, palikuwa na mwanamke aliyevaa kijani. Kijani kile hakikuwa cha Uingereza. Jawaher aliivuta picha kwa vidole mpaka akauona upindo wa dhahabu wa mikono ya gauni, ule ambao fundi wa sokoni aliukosea upande mmoja. Watu wa grupu walikuwa wakiandika mashallah na kutia maua. Asma, binti wa mdogo wao, aliandika: "Mumependeza nyinyi wawili." Wawili. Hakuna aliyemwona wa tatu.

Picha iliyofuata mwanamke alikuwa karibu zaidi. Iliyofuata hiyo, alisimama bega kwa bega na Arwa, uso ameuelekeza kwenye kamera, na uso ule ulikuwa wa Jawaher mwenyewe, na kile kidoti chake cha shavuni.

Simu ikalia. Alikuwa Hashil.

"Dada, hujambo? Huko mwafukiza udi mwingi nini?"

"Kwa nini wauliza?"

"Tumejaribu helmeti dukani, mpya, za kwenye boksi. Ya Arwa yanuka udi. Martin mwenyewe kainusa, kacheka, asema labda imetoka Pemba." Kisha Hashil akapunguza sauti. "Na pikipiki tumeijaribu uani. Yakaa chini nyuma. Martin kaipima kaipima, hauoni ubovu. Arwa ahisi kama kuna mtu nyuma yake. Shati na gauni zipo salama, dada?"

"Zipo," alisema Jawaher. "Zipo salama."

"Alhamdulillahi. Kesho asubuhi twaondoka."

Alipokata simu alijichukia. Mdomo ulikuwa wazi, neno lilikuwa ulimini, akalimeza. Angesema nini? Kwamba yeye, mwalimu wa watoto wa watu, kavaa nguo ya wifi yake akamwombea asirudi?

Alimpigia Bi Mwanamize wa Wingwi, mganga aliyekuwa akiitwa nyumbani kwao tangu zamani. Bibi akaja kesho yake asubuhi, na mafua yake na mfuko wake wa dawa, akaketi chumbani chini ya kamba na kupiga chafya.

"Kunani humu?" aliuliza.

"Nguo iliangushwa na panya, bibi. Nahisi Mgeni kakasirika."

"Panya?"

"Panya, bibi."

Bi Mwanamize alimtazama kitambo, akafuta pua. Akafukiza, akasoma, akanyunyiza marashi kwenye pembe za chumba, akaomba radhi kwa niaba ya panya. Kisha akaondoka zake, amechoka, bila kunywa hata chai.

Hapakupita muda. Jua lilikuwa kwenye utosi, mtaa umetulia, watu wako ndani wanangoja adhana, na Jawaher alikuwa jikoni akichambua mchele aliposikia mlango wa chumba cha Arwa ukifunguka taratibu. Akasikia nguo ikiburura sakafuni. Akasikia kitanda kikilia, kama kinavyolia mtu mzima akikikalia. Hakutaka kwenda, na miguu ikaenda, na kadiri alivyosogea harufu ya udi ilizidi kuwa nzito mpaka macho yakamtoka machozi, na pale kizingitini aliliona gauni limeshuka kwenye kamba, limekaa kitako ukingoni mwa kitanda, kifua kimejaa, mikono imekunjwa mapajani kwa adabu, shingo yake wazi haina kichwa, na kutoka kwenye ile shingo tupu ikatoka sauti ya chini, sauti ya mwalimu wa Kurani, sauti yake mwenyewe Jawaher, ikirudia kwa upole kama anayemfundisha mtoto kusoma: asirudi, asirudi, asirudi.

Alikimbilia barazani na simu mkononi.

"Bi Mwanamize," alinong'ona. "Bibi, yumo."

"Si ajabu," alisema bibi, garini, barabara inamtikisa. "Mie nimefukuza panya, kwani weye umenambia panya. Sasa nambie. Nguo kaivaa nani?"

Jawaher aliikinga simu kwa kiganja. Majirani walikuwa wakipita, wanamsalimia kwa mkono.

"Mie," alisema.

"Na ulipoivaa ulinena nini?"

Jirani mwingine akapita; Jawaher akamwinulia mkono.

"Basi usinambie mie," alisema bibi. "Mie si mwenye nguo. Mwambie mwenye nguo, tena wasikie wote ulowaficha. Mgeni kakuona umekaa mahali pa Arwa, kakusikia wasema Arwa asirudi, yeye akutii tu. Kwake yeye Arwa keshapata badili. Kinywa kilomtuma ndicho kitakachomrudisha. Fanya upesi, kabla hajamchukua."

Alimpigia Hashil. Haikupokelewa. Alimpigia Arwa. Ikalia mpaka ikakatika. Walikuwa barabarani, simu zimo mifukoni, upepo masikioni. Ndani ya nyumba ile sauti ya gauni ilikuwa imeanza kupanda, si ya kunong'ona tena, na alijua muda si mrefu jirani wa ukutani ataisikia na kuuliza.

Likabaki grupu la familia. Humo mlikuwa na kaka yao Talal kule Maskati, na Asma, na mashangazi, na wakwe, na mama yake Arwa mwenyewe. Jawaher alibonyeza kitufe cha sauti na haya zikamwaka usoni mpaka masikioni. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitamani awe mtu asiyejulikana na yeyote.

"Assalamu alaykum," alisema. "Mie Jawaher. Arwa, wifi yangu, nsamehe. Gauni lako nimelivaa. Nimelivaa kwa kijicho, kwa sababu weye umekwenda na mie sikwenda, nikajiona kiooni nikakuchukia, na mbele ya moshi wa Mgeni nikasema ubaki hukohuko usirudi. Hashil kaniuliza nikamwambia uongo. Bi Mwanamize kaniuliza nikasingizia panya. Hapana panya. Ni mie. Na sasa nasema mbele yenu nyote, na mbele yake: mahali pa Arwa ni pa Arwa. Arwa na arudi. Rudi kwenu, mwanangu, rudi salama."

Akatuma. Nyumba ikanyamaza papo hapo, kimya kikaingia mpaka uani. Alama zikaanza kugeuka buluu, moja baada ya moja, kila moja ni mtu anasikiliza. Hakuna aliyeandika kitu. Jawaher aliinamisha kichwa akalia kama mtoto aliyechapwa mbele ya wenzake.

Simu ikalia. Alikuwa Arwa.

"Wifi, tumesimama. Tuko kando ya barabara. Kulikuwa na mikono, wifi. Imenizunguka kiunoni toka tunaanza mwendo, yanivuta nyuma, yanivuta, nampiga Hashil mgongoni hasikii, nshaanza kuteleza kitini. Halafu ikaniachia. Yenyewe. Hashil akasimama, ndipo tukausikia ujumbe wako."

"Nsamehe," alisema Jawaher.

Magari ya Uingereza yalikuwa yakipita nyuma ya Arwa. "Nimeshasikia," alisema mwishowe.

Pikipiki hawakuipanda tena. Walirudi Pemba mapema, wazima, wamemletea Jawaher biskuti za kopo. Familia ikaja kuwapokea, pilau ikapikwa, watu wakala na kuongea habari za baridi na bei za vitu. Ujumbe ule haukutajwa na mtu. Jawaher alihudumia kila sahani, na kila aliyepokea alisema ahsante bila kumtazama machoni. Arwa alipoingia chumbani kwake alitoka na gauni la kijani limekunjwa vizuri, akamwekea Jawaher mapajani.

"Kaa nalo, wifi," alisema. "Mie siwezi kulivaa tena."

Kabla ya watu kutawanyika Asma aliwapanga wote barazani, akainua simu, akapiga picha. Jawaher alisimama pembeni, buibui lake jeusi limemfunika mpaka nyayo. Asma akaitazama picha, tabasamu likamfifia. Akampa Hashil. Hashil akampa Arwa, Arwa akampa mama yake, ikazunguka mikono yote ile, kila mmoja akiitazama kisha akimtazama Jawaher, mpaka ikamfikia.

Wote walikuwa vilevile walivyosimama. Yeye peke yake, kati ya wote, alikuwa amevaa kijani.

"Nipige nyingine?" aliuliza Asma kwa sauti ndogo.

"Usipige," alisema Arwa, akaichukua simu na kuilaza kifudifudi juu ya mkeka.