Butoni Tatu Nyeusi

Dzaleka, kambi ya bakimbizi, kukikucha, kitu unasikia kwanza si jogoo. Ni bidon za maji. Bamama banapanga mustari ku pompe, bidon zinagongana, kila mutu anasema yeye njo alifika mbele. Goreth naye iko pale. Akirudi nyumbani, anakaanga mandasi mbele ya mulango. Bwana yake Épitace iko na kinga, ni baiskeli, anabebesha bantu. Hapa Malawi hiyo kazi banaitaka kabaza. Kisha kazi, analima shamba kadogo inje ya kambi.

Mu nyumba yao, pembeni ya dirisha, kuko chupa moja. Zamani ilikuwa ya mafuta. Sasa iko na maharagi nyekundu ya madoa, imechanganywa na majivu juu wadudu basiikule. Hiyo maharagi si ya soko. Mama ya Épitace aliifunga mu kitenge, akakimbia nayo toka Ruyigi, Burundi. Mama alishakufa. Maharagi iko. Kila mwaka banapanda, banavuna, banaweka mbegu.

Lakini mwaka uliopita balikosa. Mvua ilinyesha mara moja mu mwezi wa kumi. Épitace akapanda mbio mbio. Kwao Burundi mwezi wa kumi unaitwa Gitugutu, njo mwezi wa kupanda. Mutu asipopanda, banamucheka. Basi, jua ikarudi. Maharagi iliota, ikakauka. Kukabaki chupa hii moja. Nayo ikikufa, imeisha. Hakuna soko utaipata.

Sasa Gitugutu ilirudi. Joto ilikuwa ya kuua. Siku moja redio ikasema: "Juma hii joto itashuka mu Lilongwe na mu Dowa. Mawingu itakuwa mingi. Nafasi ya mvua ni makumi tatu kwa mia." Na kweli, kesho yake baridi ikakuya. Batoto bakavaa majaketi.

Épitace akaruka na furaha.

"Goreth! Umesikia? Mvua! Siku ya posho, jumamosi, tunapanda!"

Akaenda kuita bajirani kwa ikibiri. Ikibiri ni kazi ya pamoja ya Barundi: leo banakulimia, kesho unabalimia.

Goreth aliangalia ile chupa. Akavaa sandali, akaenda kwa Rosette.

Rosette ni mama wa Bukavu, anashona nguo ku baraza yake. Kundi ya balimaji ilimuchagua aende Lilongwe, kule Area 18, kwa mafundisho ya siku tatu. Balangizi, bale banafundishaka kulima, balibafundisha namna ya kusikiliza habari ya hali ya hewa.

Mangaribi Rosette akakuya na kopo ya butoni za nguo. Épitace alikuwa anatengeneza kinga yake. Sindayigaya, jirani yake, alikuwa anamuangalia tu na kula mandasi.

"Papa Akeza," Rosette akasema, akimuita kwa jina ya mutoto yake, "banasema unapanda siku ya posho."

"Redio imesema mvua."

"Redio imesema mvua, ao imesema nafasi?"

"Mama Rosette, mvua ni mvua!"

Rosette akahesabu butoni kumi juu ya kiti. Saba nyeupe. Tatu nyeusi. Akazirudisha mu kopo.

"Makumi tatu kwa mia ni hii. Ukipata siku kumi kama ya kesho, siku tatu inanyesha, saba hainyeshi. Nyeusi ni mvua. Funga macho, toa moja."

Épitace akafunga macho. Akatoa. Nyeusi!

"Unaona!" Sindayigaya akapiga makofi. "Mungu ni Murundi!"

"Sawa, imenyesha," Rosette akasema, hakushituka. "Umepanda. Maharagi inaanza kuota, inaomba maji. Rudisha butoni. Toa tena."

Nyeupe.

"Tena."

Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe.

Épitace akafungua macho. Hakucheka tena.

"Maharagi yako iko wapi sasa?" Rosette akauliza.

"Imekufa," Épitace akajibu polepole. "Kama mwaka uliopita."

"Mvua moja haipandishi. Benyeji hapa iko na jina yayo, chizimalupsa. Inakuyaka kuzimisha moto ya majani bantu banachoma, kisha inaenda. Si ya kupandia."

"Na hii baridi?" Goreth akauliza.

"Baridi ni mawingu tu, Mama Akeza. Mawingu ikienda, jua inarudi na hasira. Balangizi balisema hii majira ya joto, kwa jumla, itakuwa na baridi kidogo kuliko ile ya mwaka uliopita, na nafasi ya mvua ni muzuri. Ni habari njema! Lakini hiyo ni habari ya miezi yote. Haisemi siku ya kupanda. Siku ya kupanda, unauliza udongo."

"Udongo iko na kinywa?" Sindayigaya akacheka. "Épitace, Murundi muzima unafundishwa kulima na mama wa masini ya kushona!"

Ile neno ilimuuma Épitace. Akarudi ku kinga yake.

Siku ya tano, ijumaa, saa tisa, mvua ikapiga. Mabati ililia, batoto bakatoka kuoga inje. Épitace akasimama ku mulango, mikono ilimuwasha. Akageuka kutafuta chupa. Goreth alishaikalia.

"Simama, bibi."

"Sisimame. Kesho tutauliza udongo."

Siku ya posho bantu kumi balifika na majembe. Rosette naye akafika, metre yake ya kushonea ku shingo. Akachimba shimo. Juu, udongo ilikuwa nyeusi, ya muzuri. Akashuka na metre.

"Sentimita tano. Angalia chini."

Épitace akaingiza mukono. Chini kulitoka vumbi, kavu kama unga.

"Maji inapashwa kufika makumi mbili," Rosette akasema. "Shibiri moja muzima, toka kidole gumba mpaka kidole kidogo. Kisha ufinye udongo mu mukono. Ikishikana kama nsima, bugali ya hapa, panda."

"Na sisi tumekuya bure?" mutu moja akauliza.

Épitace akakohoa. Bantu bote banamuangalia.

"Hapana. Leo tunapandisha matuta. Tunaweka mbolea na majani juu, joto isikaushe udongo. Mbegu inabaki nyumbani."

Sindayigaya alikufa na cheko. Mu shamba yake, pembeni tu, akapanda mbegu yote ile siku.

Kisha siku sita, mistari ya kijani ilionekana kwake. Akawa anapita kwa Épitace kila asubuyi: "Jirani, udongo yako ingali kulala?" Épitace anapanda kinga, anaenda.

Kisha mawingu ikaenda. Jua ikarudi na hasira, kama Rosette alisema. Juma moja. Mbili. Tatu. Mistari ya Sindayigaya ikakuwa manjano, kisha majivu. Akaacha kupita asubuyi.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja, redio ikasema: "Joto itashuka tena. Nafasi ya mvua ni makumi munane kwa mia, siku ine mufululizo." Goreth mwenyewe akahesabu butoni: munane nyeusi, mbili nyeupe. Mvua ikanyesha siku moja, mbili, tatu. Siku ya ine Épitace akachimba. Akaingiza shibiri yake. Maji mpaka chini. Akafinya udongo. Ikashikana.

Alitimuka mbio mpaka nyumbani, matope mpaka magoti.

"Goreth! Leta chupa! Udongo imejibu!"

Balipanda bote, na Rosette, na ikibiri yote. Nusu ya chupa. Nusu ingine Rosette alisema baweke, juu hata makumi munane kwa mia si mia. Lakini mvua haikukosa. Maharagi iliota, ikafunika matuta, ikatoa maua.

Kuvuna, chupa haikutosha. Bakatafuta beseni. Beseni haikutosha. Bakatafuta mufuko, nao ukajaa mpaka shingo. Goreth akaipika sufuria kubwa mbele ya mulango, ikibiri yote ikakuya kula. Épitace akaonja kijiko ya kwanza.

"Ni yenyewe," akasema. "Ni ya mama."

Sindayigaya alikuwa nyuma, anaangalia miguu yake. Épitace akaingia mu nyumba, akatoka na chupa ingine, imejaa mpaka ku kifuniko.

"Shika, jirani. Mbegu ya Ruyigi. Lakini ukipanda na chizimalupsa, nitakuya kuichimbua moja moja!"

Bantu bakacheka mpaka machozi. Sindayigaya akashika chupa na mikono mbili.

"Zikomo, aksanti, ndugu. Mama Rosette, ile metre yako, unaweza kuniuzisha?"

Rosette akashika mukono yake, akafungua vidole, toka gumba mpaka kidogo.

"Ya nini? Yako ni hii. Ni ya bure."