Mguu wa Kushoto wa Bibi

Kila siku saa kumi na nusu jioni, akishavua sare za shule na kunywa chai, Chapchap alikuwa na kazi moja: kuwa ukuta. Alisimama katikati ya uchochoro ulio nyuma ya nyumba yao, akatanua miguu na kunyoosha mikono mbele. Bibi akaja juu ya baiskeli, polepole, hadi mikononi mwake.

"Ukuta upo?" Bibi aliuliza kwa mbali.

"Ukuta upo, Bibi!"

"Usinikimbie!"

"Ukuta gani unakimbia?"

Shuleni alikuwa na jina lingine, lakini nyumbani wote walimwita Chapchap kwa sababu kila kitu alikifanya upesi. Vyombo chapchap, hesabu chapchap, na makosa yake pia chapchap. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Bibi alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na minne. Alipostaafu, magoti yalianza kumsumbua, na daktari akamwambia asikae kitako siku nzima. Basi akajiunga na kikundi cha wastaafu wanaoendesha baiskeli kila Jumamosi. Walijiita Magoti Mapya. Mjomba, ambaye zamani alishindana mbio za baiskeli, alimwachia baiskeli yake na viatu vyake. Viatu vilimkaa Bibi sawasawa. Mama alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe miguu ile kaka aliirithi kwako!"

Pedali za baiskeli hiyo hazikuwa za kawaida. Chini ya kila kiatu kulikuwa na kipande kidogo cha chuma. Ukikanyaga pedali, kipande kile kinanasa, tak! Mguu na baiskeli vinakuwa kitu kimoja. Ukitaka kutoka, huvuti mguu juu. Unasukuma kisigino nje, kiatu kinaachia. Ni jambo dogo, ila kwa miaka sitini na mmoja Bibi alikuwa amezoea kwamba mtu akitaka kuinua mguu, anauinua tu.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya geti, akasahau kisigino, akaanza kuinama upande. Aliinama taratibu, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda, mpaka akalala chini na baiskeli yake imemng'ang'ania.

"Nimefika," alisema akiwa palepale chini.

Walicheka wote, na fundi wa baiskeli aliyekuwa akimfundisha naye akacheka. Fundi humwita Bibi "Sista" mpaka leo, maana ndiye aliyemfunga plasta alipovunjika mkono utotoni.

"Sista, kisigino kwanza, breki baadaye," alimwambia. Kisha akamwonyesha Chapchap kijiskrubu kilichokuwa nyuma ya kila pedali. "Hiki ndicho kinachoamua pedali ishike kwa nguvu kiasi gani. Ukizungusha kushoto kinalegea, kulia kinakaza. Lakini wewe usikiguse. Ikifika siku ya kukigusa, nitakigusa mimi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Fundi."

Wiki mbili zikapita. Bibi akawa anaweza. Alinasa, akazunguka uchochoro, akasukuma kisigino cha kushoto, akaweka mguu chini kama malkia anayeshuka garini. Magoti Mapya wakampangia safari yake ya kwanza: kwenda na kurudi kwenye bwawa la maji, kilometa kumi na nane, Jumamosi ya wiki inayofuata.

Ila Alhamisi alichelewa kidogo na kisigino, akaanguka tena. Hakuumia, lakini Chapchap hakupenda kumwona akijifuta vumbi.

Ijumaa Chapchap alipewa kazi ya kuifuta baiskeli. Aliipindua, tandiko chini na magurudumu juu, akachuchumaa mbele yake na kitambaa. Alipofika kwenye pedali ya kushoto, alikiona kile kijiskrubu. Akafikiri: kikilegea kidogo tu, Bibi hataanguka tena. Ndani ya kimfuko cha chini ya tandiko kulikuwa na kispana kilichopinda kama herufi L. Akakichukua. Akapitisha mkono nyuma ya pedali, akazungusha kushoto, mara moja, mara mbili, mara tatu. Alikuwa anataka kuhamia pedali ya kulia Mama alipoita kutoka jikoni.

"Chapchap! Njoo umshike mdogo wako, maziwa yanafurika!"

Akarudisha kispana, akakimbia. Hakurudi tena kwenye baiskeli. Moyoni alifurahi kama mtu aliyeficha zawadi.

Jumamosi jioni Bibi alikuja juu ya baiskeli. Ukuta ulikuwepo. Bibi akasukuma kisigino cha kushoto. Hakikutoka. Akasukuma tena. Chapchap aliona uso wake ukibadilika, kisha Bibi, baiskeli na ukuta vyote vikaenda chini.

"Ajabu," Bibi alisema akijitazama mguu. "Nimesukuma kabisa."

Jumapili ikawa vilevile. Jumatatu vilevile. Mguu wa kulia ulitoka bila taabu, wa kushoto ulikataa. Jumanne Bibi aliangukia mkono, kifundo kikavimba, Mama akakifunga bandeji.

Chapchap hakuelewa kitu. Alikuwa amelegeza! Kitu kilicholegea kinawezaje kushika zaidi? Alirudia hesabu ile kichwani akiwa darasani, akiwa anaoga, akiwa amelala chali anatazama dari. Kila mara jibu lilikuwa lilelile: si yeye.

"Kuna mtu aliyeigusa hii baiskeli?" Bibi aliuliza jioni ile ya Jumanne.

"Niliifuta tu, Bibi."

Ilikuwa kweli. Aliifuta. Lakini neno "tu" alilisema haraka kuliko mengine.

Rafiki yake wa darasani, aliyeitwa Miwani kwa sababu hakuwahi kuvua miwani yake, alikuwa amekaa kwenye ngazi akiwatazama.

"Bibi, si ushuke kwa mguu wa kulia?" Miwani aliuliza. "Unang'ang'ania wa kushoto, una deni nao?"

Siku nyingine Bibi angecheka. Leo hakucheka. "Mjukuu wangu, sitafuti njia ya kushuka. Nataka kujua mguu wangu una nini."

Asubuhi ya Jumatano Chapchap alipita mbele ya chumba cha Bibi akaona jambo lililomchanganya zaidi. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Bibi alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, macho amefumba. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele na kuitazama kama ipo sawa. Kisha akajisogeza kwenye kioo, akatabasamu. Halikuwa tabasamu la furaha. Alitabasamu, akaacha, akatabasamu tena, akiuchunguza mdomo wake upande kwa upande.

Chapchap alimfuata Mama jikoni. "Mama, Bibi anatabasamu peke yake."

Mama aliweka kijiko chini.

"Dada yake Bibi alipooza," alisema kwa sauti ya chini. "Ulianza mguu wa kushoto. Alisema haumtii. Watu wakamwambia ni uchovu. Bibi alikuwa mbali kikazi, na hakuna aliyemwambia mpaka wakati ukawa umepita. Usimuulize chochote, mwanangu. Anajipima kama kupooza kunamjia na yeye."

Chapchap alikwenda shuleni, lakini siku ile hata hesabu hakuzifanya chapchap.

Aliporudi, uchochoro ulikuwa mtupu. Bibi alikuwa amekaa kwenye meza ya kulia chakula na daftari lake la jalada la kijani, mkono wenye bandeji umelala juu ya meza.

"Leo hakuna ukuta," alisema. "Nimewaambia Magoti Mapya waende bwawani bila mimi. Baiskeli nitampigia Fundi simu aje aichukue, ampe mtu mwenye miguu yake. Kesho naenda hospitali. Kaa hapa uniandikie, mkono huu unauma."

Chapchap akakaa. Akachukua kalamu.

"Wodini, zamu moja ikiisha na nyingine ikiingia, tulikuwa tunakaa hivi," Bibi alisema. "Anayetoka anamwambia anayeingia kila kitu kilichofanyika kwa mgonjwa. Kila kitu. Hata kumgeuzia mto. Maana yule anayeingia hajui atahitaji nini. Haya, andika. Jumamosi: mguu wa kushoto haukutii. Nimeanguka."

Chapchap akaandika.

"Jumapili: haukutii. Jumatatu: haukutii. Jumanne: haukutii, nimeumia kifundo cha mkono. Kabla ya hapo, mguu haukuwa na tatizo lolote." Bibi akavuta pumzi. "Umeandika? Wewe ndiye uliyekuwa nami kila siku. Kuna lolote la kuongeza kabla sijalipeleka kwa daktari?"

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Pale juu ya neno Jumamosi kulikuwa na mstari mmoja mtupu. Chapchap aliutazama. Bado hakuelewa. Bado aliamini alilegeza. Lakini daktari angesoma daftari lile, na Ijumaa isingekuwemo.

Akaandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: *Ijumaa: nilizungusha skrubu ya pedali ya kushoto mara tatu.* Kisha akamsukumia Bibi daftari.

Bibi alisoma. Akavua miwani ya kusomea, akaifuta, akaivaa, akasoma tena.

"Nilikuwa nalegeza, Bibi," Chapchap alisema, machozi yakimtangulia. "Wallahi nilizungusha kushoto! Nilitaka usianguke. Sielewi. Sijui kama ndiyo yenyewe. Fundi alinikataza na mimi nikagusa."

Bibi aliinuka, akavaa kandambili. "Toa baiskeli na vile viatu," alisema. "Twende."

Kibanda cha Fundi kilikuwa mtaa wa pili, kimejaa matairi yaliyoning'inia na harufu ya grisi. Fundi alisikiliza habari yote akijifuta mikono. Kisha akashika kiatu cha kushoto, akakinasisha kwenye pedali, tak! Alijaribu kukitoa. Akakunja uso. Akatumia mikono miwili.

"Lo! Sista, hapa hata mimi ningeanguka. Pedali hii imekazwa kama mfuniko wa jeneza."

"Lakini nilizungusha kushoto!" Chapchap alisema.

"Nionyeshe ulivyokaa."

Chapchap akaipindua baiskeli, akachuchumaa mbele, akapitisha mkono nyuma ya pedali. Fundi akacheka kidogo, akachukua chupa ya mafuta ya mnyororo.

"Fungua."

Chapchap akazungusha mfuniko kushoto, ukafunguka. Fundi akaurudishia kidogo, kisha akaigeuza chupa, kitako kikamtazama Chapchap na mfuniko ukaelekea upande wa pili.

"Sasa pitisha mkono kule usikokuona. Zungusha kushoto kwako."

Chapchap akazungusha. Mfuniko ukakaza. Akazungusha zaidi. Ukakaza zaidi. Aliinua macho, mdomo wazi.

"Skrubu ilikuwa imekupa mgongo," Fundi alisema. "Kushoto kwako wewe kulikuwa kulia kwake. Ndiyo maana nilisema usiguse, si kwa sababu wewe ni mjinga. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi nilikosea hivyohivyo."

Akalegeza skrubu, akaingiza kiatu, akakitoa kwa mkono mmoja. Bibi akavaa viatu, akapanda huku Fundi ameshika tandiko. Tak. Kisigino nje. Mguu wa kushoto ukashuka chini, mwepesi.

Akanasa tena. Akautoa tena. Mara nne. Halafu akainama juu ya usukani, mabega yakatetemeka, na Chapchap hakujua kama anacheka au analia. Alikuwa anafanya vyote viwili.

"Njoo hapa," Bibi alisema hatimaye. Chapchap akasogea, akisubiri.

"Kukosea kuzungusha ni kosa dogo, na Fundi amelitoa kwa dakika moja. Kugusa ulichokatazwa ni kosa la kati, na kwa hilo utaosha mnyororo mwezi mzima. Lakini nilikuuliza, ukaniambia umefuta tu. Siku tano nimeuogopa mguu wangu mwenyewe, mjukuu wangu. Nimelala nao kama mgeni kitandani."

"Nilidhani si mimi, Bibi. Kwa hiyo niliona hakuna haja ya kusema."

"Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunasema yale tunayojua ni makosa, na hayo nayo kwa shida. Yale tunayodhani tumefanya vizuri tunayameza. Anayetafuta tatizo hahitaji uamue wewe lipi ni kosa. Anahitaji kujua yote. Ukigusa kitu, sema umekigusa. Hata kama unaamini umekitengeneza." Akamfuta machozi kwa bandeji. "Na leo umesema bila kujua mwisho wake utakuwa nini. Hilo ni gumu kuliko kusema ukiwa umeshakamatwa. Nimeliona."

Kisha akageuka kumtazama Fundi, akashusha sauti. "Na mimi sikufanya vizuri. Siku tano nimejipima kwenye kioo na sikumwambia binti yangu neno. Nesi mzima. Hospitali nitakwenda kesho vilevile, mkono huu uangaliwe na presha ipimwe."

"Na Magoti Mapya?" Fundi aliuliza.

"Waambie wasubiri wiki moja. Nakuja na miguu yangu miwili."

Presha ilikuwa sawa. Mkono ulipona. Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wazee tisa waliovaa kofia ngumu walikuwa wamejipanga mbele ya geti wakipigiana kelele. Bibi alitoka amevaa viatu vya Mjomba. Kabla ya kupanda, alimgeukia mjukuu wake.

"Zamu," alisema.

Chapchap akasimama wima. "Matairi yote mawili nimeyajaza upepo. Mnyororo nimeuosha na kuutia mafuta. Skrubu sikuzigusa, Fundi ndiye aliyezikagua jana. Chupa ya maji nimeijaza." Akasita. "Na kengele nimeipiga mara tatu bila sababu."

"Hiyo nayo ni habari," Bibi alisema. "Asante, nimepokea zamu."

Akanasa mguu wa kulia, tak. Akanasa wa kushoto, tak. Mwisho wa barabara Magoti Mapya walisimama kupisha gari, na Chapchap, akiwa amening'inia kwenye geti, aliuona mguu wa kushoto wa Bibi ukichomoka na kutua chini, kisigino kwanza.